Mvinyo wa Rasi katika soko la Uingereza

Biashara ya mvinyo wa Rasi ilihusu divai iliyosafirishwa kutoka koloni la Rasi ya Tumaini Jema, leo sehemu ya Afrika Kusini, kwenda Uingereza. Ilishamiri baada ya 1813 na kuporomoka katika miaka ya 1860.

Zabibu za kwanza zilikamuliwa Cape Town tarehe 2 Februari 1659, wakati wa Jan van Riebeeck, kamanda wa kwanza wa kituo cha Waholanzi hapo. Kwa karne moja na nusu wanywaji wakuu walikuwa wenyeji wa mji na mabaharia waliotia nanga bandarini. Divai moja tu ilivuma Ulaya: Constantia, tamu na ghali, kutoka shamba alilomilikishwa mwaka 1685 Simon van der Stel, kiongozi wa koloni wakati huo. Napoleon aliinywa akiwa kifungoni St Helena. Lakini sifa hiyo isimpoteze msomaji, kwa kuwa Constantia ilikuwa kidogo mno na haikuibeba biashara hii.

Kilichoibeba ni ushuru. Waingereza walikuwa wameiteka Rasi kwa mara ya pili mwaka 1806, na mwaka 1813 London ikaamua divai yake itozwe theluthi moja tu ya ushuru wa divai ya Ureno. Wakulima wa Stellenbosch na Paarl wakapanua mashamba, wengi kwa fedha za mkopo, na kufikia miaka ya 1820 divai ilikuwa bidhaa kuu ya koloni katika soko la nje. Mashambani walifanya kazi Wakhoikhoi pamoja na watumwa, wakiwemo waliotolewa Msumbiji na Madagaska au kuzaliwa na wazazi wa huko. Sehemu ya ujira ililipwa kwa divai yenyewe, desturi iliyoitwa dop, ambayo ilidumu hadi karne ya 20 na kuacha ulevi katika vizazi vya vibarua.

Pupa ya kuuza iliharibu ubora. Divai ilitiwa brandi ili istahimili safari, na wafanyabiashara wa London waliichanganya na sheri na divai za Ureno, hivyo jina la Rasi likawa la kinywaji cha bei rahisi.

Mwaka 1825 nafuu ilipunguzwa: Rasi ikalipa nusu ya ushuru wa Ureno, na bei zikaanguka. Sufi ikachukua nafasi ya kwanza katika mauzo ya nje. Mkataba wa Uingereza na Ufaransa wa 1860 ukaiondoa nafuu iliyobaki, na biashara ikafa ndani ya miaka michache. Almasi zilipopatikana Kimberley, sehemu kubwa ya zabibu iligeuzwa brandi ya wachimbaji.