Tatuu: fikiri kwanza, kisha chagua mahali salama

Tatuu ni ya kudumu. Kuifuta kwa leza ni ghali, huchukua vikao vingi na huweza kuacha kovu. Usichorwe ukiwa umelewa au kwa kushinikizwa na marafiki. Kama una kisukari, ni mjamzito au vidonda vyako huacha makovu yaliyovimba, muone daktari kwanza.

Sindano iliyotumiwa na mwingine inaweza kukuambukiza VVU au homa ya ini aina ya B au C. Aina ya B ina chanjo, C haina.

Hakikisha mchoraji:

- ananawa mikono na kuvaa glavu mpya;
- anafungua pakiti ya sindano mpya mbele yako;
- anamimina wino wako kwenye kikombe kisichorudiwa.

Akikataa kukuonyesha, ondoka. Baadaye ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka au homa, nenda kituo cha afya.