Wake wa mabaharia waliodai waume zao wakombolewe

Mwaka 1626, wake wa mabaharia wapatao 2,000 walimpelekea Duke wa Buckingham, mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, ombi la maandishi. Waume zao walikuwa watumwa katika bandari ya Salé, nchini Morocco, baada ya meli zao kutekwa na maharamia.

Meli ilipotekwa, ujira wa baharia nao ulikatika. Mkewe alibaki na watoto wenye njaa, huku watekaji wakidai fidia ambayo familia maskini haikuweza kuilipa.

Zama hizo mwanamke hakuwa na kura wala kiti Bungeni. Hata hivyo, desturi ilimruhusu mtu wa kawaida kumwandikia mtawala na kumweleza shida yake. Wanawake hao waliutumia mlango huo mmoja uliokuwa wazi. Waliiomba serikali iwakomboe waume zao.

Mwaka 1627, mjumbe John Harrison alifanikiwa kuwatoa mateka wapatao 190 kwa kubadilishana na mizinga. Lakini mabaharia waliendelea kutekwa, na katika miaka ya 1630 wanawake walibisha hodi tena, safari hii kwa Mfalme Charles wa Kwanza. Mwaka 1637, meli za kivita zilizoongozwa na William Rainsborough ziliizingira Salé, na mateka zaidi ya 300 wakaachiwa huru. Mwaka 1646, Bunge lilimtuma Edmund Cason mjini Algiers, akawakomboa wengine wapatao 240.

Biashara hiyo ya binadamu haikuwa ya upande mmoja. Waislamu waliotekwa baharini waliuzwa Malta na Livorno, nazo meli za Kiingereza zilikuwa zikiwasafirisha Waafrika kwenda kuuzwa visiwa vya Karibiani. Wake wa Waafrika hao hawakuwa na mlango wa kubisha mjini London.

Karne mbili baadaye, wanawake wa Uingereza walitumia njia ile ile ya maombi kwa ajili ya watumwa wasiokuwa ndugu zao. Mwaka 1833, wanawake wapatao 187,000 walitia saini ombi moja lililofikishwa Bungeni, wakitaka utumwa ukomeshwe katika makoloni ya Uingereza. Mwaka huo huo, Bunge lilipitisha sheria ya kuukomesha.