Jinsi picha za mnato zinavyopewa mwendo katika filamu

Mtaa wa Malvern, ulioko Scarborough, mashariki mwa jiji la Toronto nchini Canada, ulijengwa juu ya mashamba yaliyotwaliwa na serikali katika miaka ya 1950. Wakazi wa kwanza wa nyumba hizo mpya waliingia mwaka 1972.

Mwaka huo huo Canada iliwapokea maelfu ya Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin.

Anayetaka kusimulia historia kama hizo kwa video hukabiliwa na tatizo moja: mara nyingi kilichosalia ni picha za mnato, na macho huichoka upesi picha isiyosogea.

Mfano wa Dawson

Canada yenyewe ilitoa jibu mapema. Mwaka 1957 Bodi ya Taifa ya Filamu ilitoa City of Gold, filamu ya Colin Low na Wolf Koenig kuhusu mji wa Dawson wakati wa msako wa dhahabu wa mwaka 1898.

Kamera ilipitishwa polepole juu ya picha za kale, na mwenzao, Roman Kroitor, alibuni chombo cha kukokotoa mwendo huo.

Mmarekani Ken Burns amekiri kuathiriwa na filamu hiyo. Programu ya iMovie huuita mtindo huo kwa jina lake.

Namna ya kufanya

Mhariri huchagua sehemu ya picha itakayoonekana mwanzoni na ile ya mwishoni. Kompyuta hukamilisha safari iliyo kati yake.

Kusogea karibu huelekeza jicho usoni. Kurudi nyuma hufichua mazingira. Mwendo uanze na kukoma taratibu.

Picha nayo iwe kubwa kuliko skrini. Video yenye upana wa pikseli 1,920 ikitumia picha ya upana huo huo iliyokuzwa mara mbili, hubaki pikseli 960 tu, nayo huonekana yenye ukungu. Picha hiyo yapasa kuwa na pikseli 3,840.

Mipaka

Tuseme picha inaonyesha familia ikiondoka Uganda mwaka 1972. Kamera ikimkaribia mtoto mmoja anayelia, wanaotabasamu kando yake hutoweka. Kwa hiyo ni haki picha nzima ionekane angalau mara moja.

Siku hizi programu za akili mnemba huweza kuwafanya waliomo pichani wapepese macho au watabasamu. Hilo ni jambo jingine kabisa. Kamera inayosogea huonyesha kilichokuwapo. Tabasamu la kubuni huongeza kisichotokea, na kwa familia iliyobakiwa na picha moja tu, hakuna nyingine ya kuusahihisha uongo huo.