Boriti ya Fremu: Istilahi na Matengenezo ya Chesisi Iliyoliwa na Kutu

Boriti ya fremu ni kila kimoja cha vyuma viwili virefu vinavyolala sambamba chini ya gari, kuanzia mbele hadi nyuma, na kuubeba uzito wa injini, giaboksi, bodi, abiria na mizigo kabla haujafika kwenye springi na ekseli. Boriti hizo mbili huunganishwa kwa vyuma vifupi vinavyokwenda upande hadi upande, na umbo zima linalopatikana ndilo fremu ya ngazi, ambayo mafundi wengi huiita chesisi. Magari mengi madogo ya leo hayana fremu ya namna hiyo, kwa kuwa bodi yenyewe imeundwa ili ijibebe. Lakini malori bado yanayo, na magari ya kale yanayothaminiwa kama Land Rover za awali hayawezi kuelezwa wala kutengenezwa bila kuitaja.

Jina la Kiingereza la chuma hicho, likihamishwa neno kwa neno, huzaa “reli ya fremu”, tafsiri ambayo inapotosha kazi ya kitu chenyewe, kwa sababu reli ni njia ya treni, nayo hushikiliwa na ardhi kwa urefu wake wote, ilhali chuma kinachozungumziwa hapa kiko hewani kati ya ekseli mbili. Neno mhimili lingeweza kufaa, lakini limekwisha kubeba maana nyingi, kuanzia mhimili wa dunia hadi mihimili ya dola. Boriti inafaa zaidi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Unguja, boriti za mikoko huvuka chumba kutoka ukuta hadi ukuta bila nguzo katikati, na urefu wa miti hiyo ndio uliowalazimisha waashi kujenga vyumba vyembamba. Jina hilo basi hutaja kwa usahihi kitu kinachobeba mzigo juu ya nafasi tupu huku kikiegemea mahali pachache tu. Kwa vyuma vifupi vya kukingama panafaa taruma, neno ambalo mabaharia wamelitumia kwa mbavu za chombo na wafanyakazi wa reli kwa vipande vinavyolala chini ya njia ya treni, na ambalo katika matumizi yote mawili humaanisha kiungo kinachokata urefu na kuushikamanisha.

Mfano mzuri wa boriti hizo ni wa Land Rover ya kwanza, iliyobuniwa chini ya Maurice Wilks wa kampuni ya Rover na kuonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa bado katika uhaba wa chuma baada ya Vita Kuu ya Pili, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini, na boriti za fremu, badala ya kukandamizwa kwa mashine kubwa za gharama, zikaundwa kwa kuchomelea mabamba manne bapa ya chuma hadi yakawa sanduku refu lenye uwazi ndani. Uamuzi huo wa dharura ulizaa gari lililofika kila pembe ya Afrika Mashariki, katika hifadhi za wanyama, misheni, mashamba ya mkonge na ofisi za wilaya, na ambalo wapenzi wake walikusanyika kwa mamia Arusha mwezi Oktoba 2024. Uamuzi huohuo pia ulizaa ugonjwa wake, kwa maana alumini ya bodi hudumu miongo mingi huku chuma kilicho chini yake kikiendelea kuoza bila kuonekana. Magari ya kwanza kabisa ya majaribio yalikuwa na fremu zilizochovywa katika zinki, lakini yale yaliyouzwa kwa umma yalipewa rangi tu.

Kutu ni zao la chuma kukutana na maji na oksijeni, na chumvi huiharakisha kwa kuyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi zaidi. Nchini Uingereza chumvi hiyo hutoka barabarani, inakomwagwa wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu; katika mwambao wa Afrika Mashariki huja na upepo wa bahari, ndiyo maana gari lililokaa Mombasa au Tanga hustahili kuchunguzwa kwa makini kuliko lile lililozeekea Dodoma. Hata hivyo, adui mkubwa zaidi ni tope. Tope huingia kwenye boriti kupitia vitundu vilivyowekwa ili maji yatoke, huviziba, kisha hubaki limelowa juu ya bamba la chini kwa majuma mengi, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hujaa kwenye maungio na kuyasukuma mabamba yaachane.

Ni bahati mbaya kwamba bamba la chini ndilo lisilopaswa kudhoofika. Boriti inapobeba mzigo kati ya ekseli mbili, sehemu yake ya juu hugandamizwa na ya chini huvutwa, na mvuto ndio unaofungua nyufa. Nyuma ya ekseli ya nyuma, ambako boriti inaning'inia ikiwa na mzigo, mambo hugeuka na bamba la juu ndilo linalovutwa. Fundi anayeelewa jambo hili hatalichukulia tundu dogo chini ya boriti kama aibu ya kufichwa kwa rangi nyeusi na lami. Tena hatashangaa kuona kwamba taruma la nyuma kabisa, mikono inayoshika bodi, na sehemu springi zinapofungwa ndizo huliwa mapema, maana hapo tope hurushwa na magurudumu na kutua.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo. Boriti hugongwa kwa nyundo ndogo hatua kwa hatua: chuma kizima hulia kwa sauti kali inayodumu, na kilichooza hutoa kishindo kizito kilichokufa, wakati mwingine kikifuatwa na maganda ya kutu yanayomwagika kutoka vitunduni. Panapotiliwa shaka husukumwa bisibisi, na ikiwa ncha yake inazama, rangi yote ya karibu husuguliwa mpaka chuma cheupe kionekane, kwani mpaka wa kutu hauko pale jicho linapouona kwanza.

Hapa ndipo maneno mawili yanayochanganywa gereji yanapaswa kutenganishwa. Kiraka ni bamba linalobandikwa juu ya sehemu iliyooza, na huifungia kutu ndani ikaendelee na kazi yake. Kipande ni chuma kipya kinachoingizwa mahali pa kile kilichokatwa na kuondolewa hadi kwenye chuma kizima. Kiraka juu ya chuma kilichooza si matengenezo, hata kiwe kimechomelewa kwa ustadi gani, kwa sababu mzigo hupita kwenye kingo zake na kingo hizo zimeshikamana na kitu kisichoweza kushika.

Kabla ya kukata, tangi la mafuta huondolewa, waya za betri hufunguliwa, mabomba ya breki yanayopita kando ya boriti husogezwa, na gari huegemezwa juu ya stendi imara kwenye sakafu iliyo sawa. Kisha vipimo vya mshazari, kutoka kona moja ya fremu hadi kona ya mkabala, huchukuliwa na kuandikwa, na vyuma vya muda huchomelewa ili boriti isisogee itakapokatwa. Fremu iliyopinda kwa milimita chache hufanya gari livute upande mmoja na kumaliza matairi. Bamba la unene wa milimita 2 hadi 3 hutosha kwa Land Rover za zamani. Mchomo haupaswi kukata boriti wima moja kwa moja, kwa kuwa joto hudhoofisha chuma kando ya mstari wake na ufa ungepata njia tayari. Ndiyo sababu mabamba ya kuimarisha maungio hukatwa kwa umbo la almasi, ili mstari wa mchomo ulale mshazari. Fundi huchomelea kwa mistari mifupi, akihama upande hadi upande, ili joto lisiikunje boriti. Ukaguzi wa magari wa Uingereza hudai mchomo usiokatika kuzunguka kipande chote katika sehemu zinazobeba mzigo. Nukta za kushikilia tu hazikubaliwi. Kazi ikiisha, nta ya kuzuia kutu hupulizwa ndani ya boriti, na vitundu vya maji huachwa wazi.

Kutu ikiwa imeenea boriti zote mbili, fremu nzima hubadilishwa. Fremu mpya za Land Rover za kale hutengenezwa Uingereza hadi leo, na nyingi huchovywa katika zinki iliyoyeyushwa kwenye joto la takriban nyuzi 450 za Selsiasi, kinga ileile ya mabati ya kuezekea, ila hapa zinki huingia hadi ndani ya sanduku la boriti. Fundi anayelazimika kuchomelea juu ya chuma hicho huisugua zinki kwanza, kwa sababu moshi wake hudhuru mapafu.

Linabaki suala la utambulisho. Kadi ya gari hutaja namba ya chesisi, na katika Land Rover nyingi za zamani namba hiyo imegongwa kwenye fremu yenyewe, upande wa mbele karibu na mahali springi inaposhikwa. Anayekata kipande cha boriti hana budi kuihifadhi sehemu hiyo, na anayeleta fremu mpya anapaswa kwenda kwa mamlaka ya usajili, TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, kabla fremu ya zamani haijauzwa chakavu, kwa kuwa gari ambalo namba yake haisomeki mahali popote haliwezi kuhamishwa jina kwa urahisi, hata boriti zake ziwe mpya kiasi gani.