Chukudu na mlio wake

Mjini Goma, wengi husema jina chukudu limetokana na mlio wenyewe: magurudumu ya mti yakigonga mawe, chuku-du, chuku-du. Kigari hicho kilienea Kivu tangu miaka ya 1970. Fundi huzungushia gurudumu kipande cha mpira wa gari kuukuu na kukipigilia misumari. Kelele hupungua, na mti haupasuki ovyo. Kipande kingine, kinachokanyagwa juu ya gurudumu la nyuma, ndicho breki. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 iliacha mitaa kadhaa mawe matupu, na juu ya mawe mpira hulika upesi. Mlio ukirudi, mwenye akili husimama hapo hapo: mteremko wa Kibumba hauna huruma. Kwa chukudu hizo hizo za viazi na makala, familia zilizokimbia vita Rutshuru zilifikisha magodoro na sufuria Kanyaruchinya.