Kutoka Utazamaji hadi Uongozaji: Historia ya Kujifunza Ziara za Tufe Pepe na Anga ya Kidijitali, 1998–2019

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 2008, idara ya utafiti ya kampuni ya Microsoft ilifungua kwa umma programu iitwayo WorldWide Telescope. Programu hiyo iliwawezesha watumiaji kutazama anga kwa kutumia kompyuta kana kwamba wanachungulia kupitia darubini moja kubwa. Miongoni mwa ziara zilizoambatana na programu hiyo katika siku zake za mwanzo ilikuwamo ziara ya Nebula ya Pete iliyoandaliwa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Mtoto huyo alichagua mahali pa kuanzia, akaielekeza kamera pepe kwenye nebula, na akaeleza kwa sauti yake mwenyewe kile kilichokuwa kikionekana. Kwa miongo mingi, kazi ya kuwaongoza watu angani ilikuwa ya mhadhiri aliyesimama kando ya mtambo katika ukumbi wenye giza. Sasa ilikuwa imefika mikononi mwa mtoto ambaye pengine bado alikuwa akijifunza kusoma.

Insha hii inachunguza namna hali hiyo ilivyofikiwa. Hoja kuu ni kwamba badiliko kubwa lililoletwa na matufe pepe halikutokana na wingi wa picha peke yake. Lilitokana na ziara, yaani uwezo wa mtumiaji kuupanga mfuatano wa mahali, mwendo, maneno na sauti, kisha kumkabidhi mwingine aufuate. Aidha, insha inaonesha kwamba ujuzi huo mpya ulikuwa na udhaifu wake. Ulifungwa katika zana zilizomilikiwa na wengine, na zana hizo zilipoondolewa, kazi za waliojifunza zilikuwa hatarini kupotea pamoja nazo.

2.0 Usuli: Jumba la Nyota na Ndoto ya Tufe

Mwaka 1923, katika Makumbusho ya Ujerumani mjini Munich, kampuni ya Zeiss ilionesha kwa mara ya kwanza mtambo wa kurusha taswira za nyota kwenye kuba. Mtambo huo ulizaa taasisi mpya, yaani planetari, au jumba la maonesho ya nyota. Ndani ya jumba hilo, mwendo wa usiku mzima uliweza kufupishwa kuwa dakika chache. Hata hivyo, uhusiano kati ya watu waliokuwamo ulikuwa wa upande mmoja. Mhadhiri alishika vidhibiti na kuchagua njia, nao watazamaji walikaa, wakainua macho na kusikiliza. Yule ambaye angependa kubaki zaidi kwenye nyota fulani hakuwa na la kufanya mhadhiri alipoamua kusonga mbele.

Upande wa dunia, wazo la tufe linaloweza kuzungushwa na kukaribiwa bila kikomo lilijitokeza kabla ya kompyuta za nyumbani kuwa na uwezo wa kulibeba. Mwaka 1994, kikundi cha ART+COM cha mjini Berlin kilitengeneza Terravision, mfumo ulioonesha dunia nzima kwa picha za setilaiti na kumruhusu mtazamaji kushuka kutoka angani hadi ardhini. Tarehe 31 Januari 1998, Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alitoa hotuba mjini Los Angeles kuhusu kile alichokiita Dunia ya Kidijitali. Alimwelezea mtoto anayeingia katika makumbusho, akavaa kifaa kichwani, akaiona dunia kama inavyoonekana kutoka angani, kisha akaikaribia hadi kufikia bara, mji, nyumba na mti mmoja mmoja.

Ikumbukwe kwamba mtoto wa Gore alikuwa msafiri. Alichagua pa kwenda, lakini hakumwachia mwenzake njia ya kuifuata. Wazo la mtoto kuwa kiongozi wa msafara lilikuwa bado halijapata nafasi katika ndoto hiyo.

3.0 Keyhole, Google Earth na Waongozaji wa Kwanza

Kampuni ya Keyhole ilianzishwa mwaka 2001 nchini Marekani. Mwaka 2003 ilipata uwekezaji kutoka In-Q-Tel, asasi yenye uhusiano na Shirika la Ujasusi la nchi hiyo. Katika mwaka huohuo, vituo vya televisheni viliitumia programu yake kuonesha ramani za vita vya Iraki. Google iliinunua Keyhole mwaka 2004, na mwezi Juni 2005 ikatoa Google Earth bila malipo. Chombo kilichokuwa cha wanajeshi, wapelelezi na watangazaji kikawa katika kompyuta za watu wa kawaida.

Pamoja na tufe, watumiaji walipata lugha. Lugha ya KML, ambayo jina lake bado limehifadhi jina la Keyhole, ilimwezesha mtu kuandika faili dogo lenye alama za mahali, maelezo, mistari na picha, kisha kumtumia mwingine. Faili hilo lilipofunguliwa, tufe la mpokeaji lilionesha yale ambayo mwandishi alitaka yaonekane. Hii ndiyo hatua ya kwanza iliyomtoa mtumiaji katika utazamaji na kumwingiza katika uandishi.

Matumizi yaliyofuata yanadhihirisha uzito wa hatua hiyo. Mwaka 2006, Taasisi ya Jane Goodall ilianza kuweka ndani ya Google Earth habari za sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma, nchini Tanzania. Msomaji aliyekuwa mbali aliweza kuruka hadi ufukwe wa Ziwa Tanganyika na kusoma tukio mahali lilipotokea. Mwezi Aprili 2007, Makumbusho ya Kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi yaliyoko Marekani, kwa kushirikiana na Google, yalitoa tabaka la taarifa lililoonesha vijiji vilivyoharibiwa huko Darfur. Mtu aliyefungua programu kwa lengo la kutafuta paa la nyumba yake aliweza kukutana na alama za moto katika vijiji ambavyo hakuwahi kuvisikia.

Mfano wa Gombe unafundisha jambo jingine. Katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi hiyo, picha za setilaiti zenye ubainifu mkubwa zilitumika pia pamoja na wanakijiji katika kupanga matumizi ya ardhi. Mtazamaji wa mbali alihitaji mwongozaji amweleze anachokiona. Mwanakijiji alikwishaijua ardhi yenyewe, na alichohitaji ni kuutambua mto na shamba lake kutoka juu. Eneo moja likitazamwa kutoka angani lilidai mafunzo ya aina mbili, na aliyekuwa na haki zaidi ya kuiongoza ziara hakuwa lazima yule aliyekuwa na kompyuta.

4.0 Tufe Kugeuzwa Ndani Nje

Mwezi Agosti 2007, Google iliongeza sehemu ya anga katika Google Earth. Kimsingi, kilichofanyika kilikuwa rahisi kueleza. Badala ya mtumiaji kusimama nje ya tufe na kulitazama kwa juu, aliwekwa katikati ya tufe na kuutazama upande wake wa ndani. Picha za anga zilibandikwa kwenye upande huo kama vile picha za ardhi zilivyobandikwa upande wa nje. Picha zenyewe zilitoka katika miradi mikubwa ya upimaji wa anga, ukiwamo Sloan Digital Sky Survey, pamoja na darubini ya Hubble.

WorldWide Telescope ilikuwa na chimbuko la kitaaluma zaidi. Mwaka 2001, mtaalamu wa hifadhidata Jim Gray wa Microsoft na mwanaastronomia Alexander Szalay wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walitoa hoja kwamba data za darubini mbalimbali zikiunganishwa mtandaoni zingekuwa darubini moja ya dunia nzima. Gray hakuiona kazi hiyo ikikamilika. Tarehe 28 Januari 2007 alitoka peke yake kwa mashua kutoka San Francisco kwenda kutawanya majivu ya mama yake baharini, naye hakurudi. Programu iliyotengenezwa na Curtis Wong na Jonathan Fay ilitolewa kwa heshima yake.

Upekee wa programu hiyo ulikuwa uwezo wa kulinganisha. Eneo moja la anga liliweza kutazamwa kwa nuru ya kawaida, kisha kwa miale ya eksirei au ya joto, huku mtumiaji akiivuta picha moja ipotee polepole na nyingine ijitokeze. Mwanafunzi aliona kwa macho yake kwamba pale palipoonekana giza palikuwa na vumbi linalong'aa kwa nuru ambayo jicho la mwanadamu haliioni.

5.0 Kujifunza Kuongoza

Utengenezaji wa ziara katika WorldWide Telescope ulifuata muundo wa slaidi. Kwa kila slaidi, mtengenezaji aliweka mkao wa kamera wa mwanzo na wa mwisho pamoja na muda, nayo programu ikaujaza mwendo uliopo kati ya mikao hiyo. Kisha aliongeza maandishi, picha, muziki na sauti ya msimulizi. Mwezi Februari 2009, toleo la tano la Google Earth nalo lilileta kitufe cha kurekodi ziara, ambapo mtumiaji aliruka kutoka mahali hadi mahali huku akizungumza, na mwendo wake ukahifadhiwa.

Tofauti ya msingi kati ya ziara hizo na filamu iko katika kusimama. Mtazamaji wa filamu akiisimamisha hupata picha iliyoganda. Mfuasi wa ziara akiisimamisha hubaki katika anga lilelile lenye uhai. Aliweza kuiacha njia, akasogea kando, akachunguza galaksi iliyokuwa pembeni, kisha akarejea kwa kiongozi wake. Haki ile ambayo mtazamaji wa planetari alinyimwa, yaani kubaki pale apendapo, ilirudishwa kwake.

Uhuru huo ulimtwika mtengenezaji majukumu mapya. Kamera ikiruka kwa kasi, mfuasi hupotea asijue alikotoka. Maelezo yakiwa marefu, jicho huchoka kusubiri. Zaidi ya hayo, tufe la anga lina udanganyifu wake, kwa kuwa hubandika kila kitu kwenye ukuta mmoja. Nyota za kundi la Orion huonekana kuwa jirani, ilhali Bellatrix iko umbali wa takriban miaka-nuru 250 na Alnilam iko zaidi ya miaka-nuru 1000. Mwanafunzi aliyetumia mwonekano wa pande tatu wa WorldWide Telescope aliweza kuondoka kwenye Jua na kuona umbo la mwindaji likivunjika njiani. Ili amwongoze mwingine katika safari hiyo, ilimlazimu kwanza aelewe kwa nini lilivunjika.

Kwa msingi huo, kuanzia mwaka 2009 mradi wa mabalozi wa WorldWide Telescope, ulioongozwa na mwanaastronomia Alyssa Goodman wa Chuo Kikuu cha Harvard, uliandaa wanasayansi na watu wa kujitolea kuipeleka programu hiyo shuleni. Wanafunzi walitazama ziara za wengine na pia walitengeneza za kwao. Mantiki ya mradi ilikaribiana na busara ya walimu wengi, kwamba anayetakiwa kufundisha hujifunza mara mbili.

6.0 Zana Kufa, Kazi Kubaki

Historia hii ina upande wa hasara. Toleo la wavuti la WorldWide Telescope lililotolewa mwaka 2009 lilitegemea Silverlight, teknolojia ambayo baadaye iliachwa na watengenezaji wake wenyewe. Mwezi Desemba 2014, Google ilitangaza kusitisha kiambatisho kilichowezesha tufe lake kuonekana ndani ya kurasa za wavuti, na mwaka 2017 huduma hiyo ilifungwa. Kurasa za masomo zilizojengwa juu yake zilibaki na nafasi tupu pale tufe lilipokuwa. Mwezi Aprili 2017, Google ilitoa toleo jipya la kivinjari lenye ziara zilizoandaliwa na washirika waliochaguliwa. Zana za mtumiaji wa kawaida kutengeneza za kwake zilirejea mwaka 2019. Kwa muda huo, katika toleo hilo, mtumiaji alikuwa amerudishwa kwenye kiti cha mtazamaji.

Mambo mawili yalisaidia kupunguza hasara. Kwanza, KML ilikubaliwa mwaka 2008 kuwa kiwango cha wazi cha kimataifa chini ya Open Geospatial Consortium, hivyo faili za watumiaji ziliweza kusomwa na programu nyingine. Pili, mwaka 2015 Microsoft iliifanya WorldWide Telescope kuwa ya msimbo huria, na Jumuiya ya Wanaastronomia ya Marekani ikachukua jukumu la kuisimamia. Ziara zilizoishi ni zile ambazo hazikuhitaji ruhusa ya kampuni moja ili zifunguliwe.

Uwazi huo una maana ya pekee kwa wanajamii ambao majina yao ya nyota hayamo katika orodha za Kigiriki na Kilatini. Wasemaji wa Kiswahili wana Kilimia, kundi la nyota ambalo jina lake linatokana na kulima, kwani kuonekana kwake kulihusishwa na majira ya shamba. Programu huria ya Stellarium, iliyoanzishwa na Fabien Chéreau, inaruhusu jamii mbalimbali kuingiza majina na michoro yao ya anga. Kilimia hakihitaji idhini ya mtu kuonekana angani. Ila ili kionekane katika tufe pepe kwa jina hilo, ni lazima ajitokeze mtu anayejua zana na anayejua jina.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba kati ya mwaka 1998 na 2019 kujifunza kutumia matufe pepe kulipitia hatua tatu: kutazama, kuandika alama, na kuongoza ziara. Hatua ya tatu ndiyo iliyogawa upya mamlaka ambayo mhadhiri wa planetari alikuwa nayo peke yake. Vilevile, imebainika kwamba ujuzi wa kuongoza hudumu pale tu ambapo kazi iliyotokana nao inaweza kuhamishwa kutoka zana moja kwenda nyingine. Kwa walimu wanaoandaa ziara kwa Kiswahili, funzo ni la kivitendo. Maelezo, viwianishi na sauti vihifadhiwe katika faili zilizo wazi, nje ya programu yenyewe, ili siku programu itakapoondolewa, njia iliyochorwa na mwanafunzi iendelee kufuatwa.