Mariano Rivera: Msee wa Kumalizia Kazi, na Mechi Moja Iliyomponyoka

Kwa besiboli kuna kazi moja noma sana. Wenzako wamecheza masaa matatu, wanaongoza na pointi moja, halafu wewe ndio unaitwa kutoka benchi urushe mpira awamu ya 9, ya mwisho. Ukifunga kazi, umeokoa mechi. Ukiteleza, lawama zote ni zako. Hakuna msee amewahi kuifanya kumshinda Mariano Rivera: ameokoa mechi 652, rekodi ya ligi kuu ya Marekani, zote akiwa New York Yankees.

Rivera alizaliwa Panama tarehe 29 Novemba 1969, akalelewa Puerto Caimito, kijiji cha wavuvi. Mbuyu wake alikuwa nahodha wa boti. Doo ya glavu haikuwa, so alijitengenezea ya kadibodi ya pakiti za maziwa. Baadaye akaingia baharini kuvua. Akiwa na miaka 19 boti ikapinduka, akaponea, na hapo akajua samaki si riziki yake. 1990 Yankees wakamsaini kwa kama dola 2,500. Kuna simu hapa Nairobi zinakaribia hiyo bei, manze.

Aliingia ligi kuu 1995, na 1997 akapewa rasmi kazi ya kumalizia. Mwaka huo huo, akirushiana mpira na mwenzake Ramiro Mendoza, mpira wake ukaanza kujipinda wenyewe dakika ya mwisho. Alijaribu kuunyoosha, ukakataa. Akaamua kuutumia hivyo hivyo. Hiyo ndio silaha ilimfanya akawa tishio: unakuja kama umenyooka, halafu unakata kona ukimfikia mpigaji, gongo linavunjika mkononi. Kila mtu alijua anarusha nini. Na bado walishindwa!

Alishinda World Series mara 5. Kwa mechi zote za mtoano maishani mwake, alihesabiwa pointi 11 tu dhidi yake. Waliotembea mwezini ni 12. Piga hesabu.

Sasa kuna ile ya 2001. Mechi ya 7, fainali, Yankees ugenini kwa Arizona Diamondbacks, wako mbele 2-1. Rivera anaitwa. Kabla ya siku hiyo alikuwa ameokoa mechi 23 za mtoano mfululizo, so watu wa New York walishaanza kusherehekea vichwani. Lakini akarusha vibaya kwa mwenzake, Arizona wakasawazisha, halafu Luis Gonzalez akagonga kampira kadhaifu kakaangukia nyuma ya walinzi. 3-2. Imeisha hivyo.

Mwenzake Enrique Wilson alikuwa amekata tiketi ya kurudi kwao Dominika, arudi baada ya sherehe za ubingwa. Sherehe hazikuwa, akabadilisha akatangulia. Ndege aliyokuwa apande ilianguka Queens, New York, tarehe 12 Novemba 2001, muda mfupi baada ya kupaa. Watu wote 260 ndani walikufa. Rivera alisema baadaye anafurahia walipoteza ile fainali, kwa sababu bado ana rafiki yake.

Mei 2012 aliumia goti vibaya akidaka mipira mazoezini, akiwa na miaka 42. Wengi wakasema ni hivyo, mzee apumzike. Akakataa kuondoka hivyo, akarudi 2013 akaokoa mechi 44. Septemba 26, mechi yake ya mwisho nyumbani, hakutolewa na kocha. Walitumwa mabeshte wake wa kitambo, Derek Jeter na Andy Pettitte, na Rivera akamwangukia Pettitte begani akalia mbele ya uwanja mzima.

2019 aliingia Hall of Fame na kura 425 kati ya 425. Hakuna mchezaji mwingine kabla yake aliwahi kupata zote, hata Babe Ruth.